Shabaha na Nia
Makadeti wa Kanada hujifunza kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo, wakiwa mita 10 kutoka kwenye karatasi iliyochorwa miduara. Ni vijana wa miaka 12 hadi 18. Si wanajeshi, wala hawana wajibu wa kuja kuwa wanajeshi, ingawa wizara ya ulinzi hugharimia mafunzo yao ikishirikiana na vyama vya kiraia. Je, mafunzo hayo hujenga tabia, au humzoesha mtoto silaha?

Wanaosema hujenga tabia wana hoja nzito. Kadeti hulala kifudifudi, kitako cha bunduki kikikaa begani. Hutoa pumzi, huizuia kidogo, kisha hubonyeza triga polepole. Mwenye pupa au hasira hukosa, na karatasi humwumbua papo hapo. Wanafalsafa wa Kistoiko waliupenda mfano wa namna hii. Katika kitabu cha tatu cha De Finibus, Cicero anaeleza fundisho lao kwamba wajibu wa mrusha mshale ni kufanya yote awezayo ili alenge sawasawa. Kupata au kukosa si kipimo cha ubora wake.

Mfano huo, hata hivyo, hausemi kinacholengwa ni nini, na hapo ndipo penye uzito. Aristotle alitenganisha ustadi na busara: katika ustadi, anayekosea kwa makusudi ni afadhali kuliko anayekosea bila kutaka, katika busara ni kinyume. Mkono uliotulia, basi, huweza kutumikia nia yoyote, njema au ovu.

Uislamu umeliona pengo hili. Hadithi zinamwonyesha Mtume akiwatia moyo watu wa Banu Aslam waliokuwa wakishindana kurusha mishale. Nyingine zinakataza kumwelekezea mwenzako silaha, na kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Ustadi unasifiwa, ila mpaka wake unawekwa na thamani ya uhai.

Makadeti nao hufundishwa kuihesabu kila bunduki kuwa imejaa risasi na kutomwelekezea mtu mtutu. Mkufunzi anayeziita kanuni hizo usalama tu, asitaje kwamba bunduki ni chombo cha kuulia, anamnyima kijana jambo ambalo mazoezi peke yake hayawezi kumpa. Na kwa kuwa mtoto wa miaka 12 hawezi kulipima suala hili peke yake, mzazi anayetia saini ya ridhaa anastahili kuelezwa ukweli huohuo kabla ya kushika kalamu.