Kiti cha Milansi

Wazee wa Ufipa wamerithishana kisa hiki kwa vizazi vingi. Ntatakwa, mtawala wa Milansi, alikuwa mawindoni. Nyuma yake wakafika wanawake wageni, Watwa, wakaketi juu ya kiti chake cha enzi. Aliporejea aliikuta nchi imekwisha kupata mwenyewe mwingine. Ukoo wa Watwa ukatoa wafalme wa Nkansi na Lyangalia. Ntatakwa akasaliwa na Milansi, pamoja na heshima ya aliyetangulia.

Katika miaka ya 1962 hadi 1964 alikuja mgeni wa namna nyingine. Roy Willis, mtaalamu Mwingereza wa elimu ya jamii na mila, alikisikiliza kisa hicho akakifasiri. Katika makala yake ya mwaka 1967 Milansi ni kichwa, na Watwa ni kiuno: akili upande huu, nguvu na uzazi upande ule. Mwaka 1981 kikatoka kitabu chake kikubwa juu ya dola ya Ufipa. Tangu hapo msomi atakaye kuijua Ufipa aghalabu huanzia kwake.

Je, ni haki watu waelezwe na mgeni? Wako wasemao kwamba habari za watu ni mali yao, na azichukuaye amewaibia. Hoja hii ina uchungu wa kweli, walakini haitoshi. Mwenye nyumba hayaulizi aliyoyazoea, mgeni huyauliza. Tena Wafipa wamekwisha kusemwa sana na wageni wasiochunguza neno. Maana ya jina Sumbawanga ni kutupa uchawi, lakini nchini hutajwa kwa mzaha kama makao ya wachawi. Amri ya kuutupa uchawi imegeuzwa kuwa ushahidi wa kuwa nao! Baina ya mzaha huo na mtu aliyekwenda kuketi na wazee, si vigumu kuchagua.

Basi kosa haliko katika kuandika. Liko katika kwamba kazi hizo zilitoka kwa Kiingereza, zikachapishwa ng'ambo, na mzee aliyekitoa kisa hakuweza kusoma jinsi kilivyofasiriwa. Yamkini angeyakubali hayo ya kichwa na kiuno, yamkini angecheka. Hakupewa nafasi ya lolote katika mawili hayo. Watwa wa kisa walichukua kiti, lakini Ntatakwa aliporudi aliwakuta papo hapo, akasema nao uso kwa uso, na Milansi ikabaki yake.

Wala deni hili si la mgeni peke yake. Wapo vijana wa uwanda ule ambao leo huzinukuu kazi hizo katika tasnifu zao, ukurasa kwa ukurasa. Likizo ikifika hupanda basi la Sumbawanga, na vitabu huviacha maktabani.