Kaa la Moto kwa Jirani

Mwaka 2020, milango ya makanisa nchini Kenya ilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, ibada haikuzimika. Iligawanywa kama kaa la moto, jirani akampa jirani, hata nyumba kwa nyumba ikawaka. Baba alisoma Injili, watoto wakaitikia, Misa ikasikika redioni. Kisha milango ikafunguliwa mwezi wa Julai, lakini wazee waliozidi miaka 58 wakatakiwa wabaki nyumbani. Wao, ambao aghalabu ndio waliojenga makanisa hayo kwa jasho lao! Wapo waliozoea upweke hata leo. Ndugu yangu, uendapo kazini, mkumbuke mzee mmoja wa jumuiya yako. Jioni, tafadhali, ukabishe hodi kwake.