Je, Kampuni Ina Dhamiri?

Ng'ombe wakiingia shambani mwa jirani na kula mahindi, mwenye ng'ombe hutoa fidia, na hiyo ni haki. Lakini mwenye shamba hungojea jambo jingine pia: mtu huyo aje mwenyewe, aketi, aseme, "Ni mimi niliyeacha zizi wazi." Mahindi yaliyolipwa bila neno hilo huacha uchungu moyoni. Sasa tujiulize, wasomaji wapenzi: mwenye ng'ombe akiwa si mtu bali kampuni, ni nani atakayekuja kulisema?

Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Meksiko, mbele ya pwani ya Louisiana huko Marekani, ulilipuka mtambo wa kuchimbia mafuta uitwao Deepwater Horizon. Watu 11 walikufa. Kisima, ambacho mdomo wake ulikuwa mita 1,500 hivi chini ya maji, kilitapika mafuta kwa siku 87. Wavuvi walikatazwa kutupa nyavu katika sehemu kubwa ya Ghuba. Wengi wakakodiwa na BP, mwenye kisima, wazoe mafuta kwa mashua zao zile zile. Yaani mtu alilipwa kusafisha shamba lake na yule yule aliyelichafua.

Mwezi uliofuata wakubwa wa kampuni tatu waliitwa mbele ya Baraza la Seneti. BP iliwanyoshea kidole Transocean, wenye mtambo. Transocean wakasema mwenye kisima ndiye mwenye kujibu, tena saruji itazamwe. Halliburton, waliotia saruji hiyo, wakasema walifanya kama walivyoagizwa. Na jioni ile ya msiba, kipimo cha mgandamizo kilikuwa kimeonyesha kwamba kisima hakijafungika. Waliokuwapo wakajitafutia maelezo ya kujituliza, kazi ikaendelea. Hakuna aliyetaka kuua. Kila mmoja alishika kipande chake, na kazi nzima haikuwa juu ya dhamiri ya yeyote.

Mwaka 2012 BP ilikubali kukiri makosa ya jinai, 11 kati yake yakiwa ya kusababisha vifo vile. Mwaka 2016 mahakama ilithibitisha mapatano ya dola zaidi ya bilioni 20. Fedha hizo tusizidharau: zinarudishia uhai vinamasi, fukwe na makao ya ndege, na sheria ya mwaka 2012 iliagiza asilimia 80 ya faini ya uchafuzi wa maji irudi pwani ile ile, isimezwe na hazina. Jambo jema kabisa.

Lakini wasimamizi wawili walioshtakiwa kwa vifo hivyo walifutiwa shtaka hilo mwaka 2015. Wala hatutamani wadogo wafungwe kwa niaba ya wakubwa. Januari 2013 mkubwa mmoja wa BP alisimama mahakamani New Orleans, akaomba radhi mbele ya jamaa za marehemu kwa jina la kampuni. Alifanya vema. Ila zizi hakuliacha wazi yeye.

Malipo ya mapatano yale yamepangwa kwa awamu za miaka 15 na zaidi. Mtoto aliyezaliwa Louisiana mwaka ule wa 2010 atakuwa mtu mzima kabla hayajaisha.