Nani Mwenye Usingizi Huu?

Ndugu msomaji, nina swali linalotoka kwenye hadithi ya kubuni, lakini swali lenyewe si la kubuni hata kidogo. Chombo cha angani kimekwama. Watu waliomo wamechoka hadi wanaona vitu visivyokuwapo. Mmoja tu kati yao bado anaota, na anachokiota ni jinamizi tupu, usiku hadi usiku. Kisha inaonekana kwamba jinamizi hilo ndilo tundu pekee la kutokea. Je, daktari ana haki ya kumlaza mtu huyo kwa makusudi, amrudishe kulekule anakokuogopa, ili wengine wapone?

Wapenzi wa Star Trek mmeshajua ninazungumzia nini. Ni kile kipande cha The Next Generation kiitwacho Night Terrors, kilichoonyeshwa Marekani mwaka 1991, ambacho mimi nilikiona miaka mingi baadaye kwenye mkanda wa video uliokuwa umechakaa vibaya. Kwa wasiokijua, nieleze kwa ufupi. Chombo Enterprise kinakikuta chombo kingine, Brattain, kikielea. Watu wake 34 wameuana wao kwa wao. Amebaki hai mmoja, Hagan, mtu wa kabila la Wabetazoid, ambao wana kipaji cha kuingia katika mawazo ya wenzao; naye amekodoa macho, hasemi na mtu. Muda si muda Enterprise nayo inanasa palepale. Nahodha Picard anaanza kusikia mlango ukigongwa na hakuna mtu. Worf, lile pande la mtu, anataka kujiua. Dakta Beverly Crusher, akiwa peke yake na maiti za Brattain, anaziona zimekaa kitako ndani ya shuka zao. Anajilazimisha kutulia, anaendelea na kazi. (Kwangu mimi huo ndio ushujaa mkubwa kuliko wote humo ndani, kuliko hata mabomu.)

Daktari ndiye anayekuja kugundua kwamba watu wanalala lakini hawaoti. Wote, isipokuwa Deanna Troi, mshauri wa chombo, ambaye mama yake ni Mbetazoid. Kumbe upande wa pili wa ule mtego wamo viumbe wengine walionaswa nao, wanaoita msaada kwa njia ya mawazo. Wito wao ndio unaozima ndoto za binadamu, na huohuo ukifika kichwani mwa Troi unageuka jinamizi. Sauti ndani ya ndoto inataja macho, inataja mwezi. Watu wanaumiza vichwa mpaka inabainika kwamba mwezi ule ni picha ya chembe ya haidrojeni, yenye elektroni moja inayokizunguka kiini. Viumbe wanaomba haidrojeni ili mlipuko uwezekane. Sasa nani atawajibu? Troi. Atawajibu wapi? Usingizini. Na Dakta Crusher ndiye atakayemlaza, amsimamie, atazame mashine.

Sayansi ya hadithi hii msiimeze yote. Ule usingizi wa macho kuchezacheza chini ya kope, ambao ndoto nyingi hutokea humo, ulielezwa na Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1953. Mwaka 1960 William Dement aliandika juu ya watu aliokuwa akiwaamsha kila walipoanza kuota, akasema walikuwa na wasiwasi na hasira za karibu. Hapo ndipo lilipopata nguvu wazo kwamba mtu asipoota atarukwa na akili. Baadaye wazo hilo halikusimama vizuri: zipo dawa za ugonjwa wa huzuni zinazofuta karibu usingizi wote wa aina ile kwa muda mrefu, na wanaozitumia hawafanyi wazimu. Kukosa usingizi wenyewe, hilo ni jambo jingine. Randy Gardner, kijana wa miaka 17 wa San Diego, alikaa macho saa 264 hadi Januari 1964, na Dement huyohuyo alikwenda kumwangalia. Panya wa maabara ya Chicago walionyimwa usingizi kabisa miaka ya 1980 walikufa baada ya wiki mbili tatu. Kwa hiyo waandishi wa hadithi walitia chumvi, lakini chungu kilikuwa cha kweli.

Turudi kwa daktari. Wapo watakaosema: aa, mbona hapa hakuna swali? Troi mwenyewe amekubali. Mtu mzima akikubali, yamekwisha. Mimi nasema hayajaisha, bwana. Troi amekubali akiwa hajapumzika kwa siku kadhaa, ndani ya chombo ambacho kila anayemtazama anamwomba kwa macho, na akikataa watakufa wote naye akiwamo. Hiyo ni hiari ya namna gani? Siwezi kusema amelazimishwa. Wala siwezi kusema yuko huru kama mtu anayechagua shati dukani. Anayepokea ridhaa yake naye ni daktari ambaye saa chache zilizopita ameona maiti zimekaa. Nani anamwangalia daktari? Katika hadithi yupo Data, mtu wa mashine, asiyelala wala asiyechoka; yeye ndiye anayeshika uongozi. Huku duniani hatuna Data. Tuna muuguzi wa zamu ya usiku ambaye naye hajalala.

Msidhani mambo haya yako kwenye video tu. Aprili 1970 Apollo 13 ilipoharibika njiani, Lovell, Swigert na Haise walikaa siku kadhaa kwenye baridi kali, usingizi wao wa kuchokonoa. Wale waliokuwa Houston waliona hatari ya watu wenye usingizi kubonyeza vifungo, na kabla ya kuingia tena angani mwa dunia wanaanga wale walitumia vidonge vya kuwaweka macho. Nani angelaumu? Na mwaka 1998 mzee John Glenn, akiwa na miaka 77, alirudi angani akavaa kofia yenye waya za kusoma ubongo wake usiku, akameza na kidonge chenye kipimajoto. Usingizi wa mzee yule ulikuwa kazi ya serikali. Ila tofauti iko hapa: Glenn alikubali akiwa duniani, ameshiba, na angeweza kusema hapana akabaki nyumbani.

Nilipokuwa nikilifikiri swali hili nilikuwa na sababu ya karibu zaidi. Binamu yangu alirudi nyumbani baada ya kupotea miezi kadhaa. Hakusema alikuwa wapi. Tukawa tunalala chumba kimoja, yeye kitandani, mimi kwenye mkeka, na usiku alikuwa akizungumza. Si kunung'unika, anazungumza hasa, majina, hesabu za fedha. Wakati huohuo watu tusiowajua walianza kuja kugonga mlango jioni wakimwulizia. Shangazi akaniita jikoni.

"Mwanangu, usiku husikii anasema nini?"

"Nasikia, Shangazi."

"Basi sikiliza vizuri, uje uniambie. Hawa watu watatuua humu ndani."

Nikamwambia, "Shangazi, naomba umwamshe, umwulize akiwa macho." Alikasirika sana. Aliniuliza kama ninamlinda mwizi. Na hofu yake ilikuwa ya kweli, wale watu hawakuwa wa mchezo. Asubuhi nilimweleza binamu yangu kwamba anaongea usingizini, na kwamba watu wa nyumbani wanajua. Alinyamaza siku mbili, kisha akachukua mkeka akahamia barazani. Habari yenyewe Shangazi aliipata mahali pengine, kwa mtu aliyekuwa macho.

Tangu hapo nimekuwa nikitofautisha kulinda usingizi na kuuchungulia. Mashine ya Dakta Crusher inamwambia kwamba Troi anaota. Haimwambii anaota nini. Anaona mistari ikipanda na kushuka. Anaweza kujua kwamba mwenzake yuko hatarini, anaweza kumwamsha, lakini hawezi kusimama naye kule ndani. Upofu huo wa daktari ndio unaonifanya nikubali kitendo chake. Kama mashine ingekuwa na kioo cha kuonyesha ndoto, na daktari, Picard na Riker wamekizunguka wakitazama, ningesema hapana hata kwa roho zote zilizomo chomboni. Labda ningesema. Ukweli ni kwamba mtu aliye nchi kavu husema hapana kwa urahisi.

Lugha yetu imeliona jambo hili zamani. Asubuhi tunaulizana umeamkaje, umelalaje, na jibu ni salama. Sijasikia salamu ya kumwuliza mtu umeota nini. Mtu akitaka kuisimulia ndoto yake atatafuta wa kumsimulia, tena kwa kuchagua, kwa sababu kuna watu ambao hata ndoto nzuri huwezi kuwaambia. Na usiku tukiachana ni alamsiki, na mwenzio anaitika binuru, kila mtu anaingia kwenye giza lake na nuru aliyoombewa.

Lakini hapa hadithi inanigeukia. Ninamhurumia Troi kwa kuingiliwa usingizini, na Troi huyohuyo kazi yake ya kila siku ni nini? Anakaa kando ya nahodha. Akija mgeni, Picard anamtazama, naye anasema huyu ana hofu, huyu anaficha jambo. Mgeni hakuombwa ruhusa. Hata hajui kwamba moyo wake umeshasomwa kabla hajakaa kitini. Tunapoangalia video tunafurahi, kwa sababu yule ni mgeni na huyu ni wetu. Nikiwa mgeni mimi je? Sitaki mtu anisome kifua wakati ninatafuta maneno ya adabu ya kuanzia. Pengine ndiyo maana jinamizi lile limempata yeye: mlango alioupitia kuingia kwa watu umefunguka upande wake. Simaanishi kwamba alistahili. Nasema tu kwamba ndani ya chombo kile, haki ya kufunga mlango wa moyo ilikuwa imeshalegea siku nyingi kabla ya dharura, na dharura ikakuta kazi nusu imefanyika.

Sisi tunaoandika tuna hatia yetu hapo, maana nani kati yetu hajasikiliza maongezi ya watu kwenye daladala akayapeleka kwenye daftari? Lakini hilo nitaliandikia siku nyingine.

Anayebaki kunisumbua ni Hagan, wa chombo cha kwanza. Troi aliulizwa, hata kama ulizo lenyewe lilikuwa la kubana. Hagan hakuulizwa na mtu. Amelala kitandani amekodoa macho, amewaona wenzake 34 wakiuana, na yale machache yanayomtoka mdomoni yanachukuliwa kama namba za kufungulia kasha. Troi anakaa naye saa nyingi, anamwita kwa upole, lakini upole ule una haja nyuma yake. Mtu asiyeweza kusema ndiyo hawezi pia kusema hapana. Nikipima kwa kipimo changu mwenyewe, kile cha jikoni kwa Shangazi, ilibidi wamwache. Wangemwacha, Enterprise ingekuwa Brattain ya pili, na Hagan naye angekufa humo.

Mimi ningemwuliza. Ningekaa kando ya kitanda kile, ningemwomba radhi kwa sauti ingawa hasikii, na ningemsikiliza kila neno.