Kinanda Kipya, au Kile cha Zamani?

Katika sharika zetu za mlimani twaulizwa neno hili: ikiwa kinanda cha umeme cha kanisani kingali kikilia, je, yatupasa kununua kilicho bora zaidi?

Tangu wamisioni wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 tumejifunza vyombo vingi, na tarumbeta zetu zajulikana. Lakini tarumbeta hailii pasipo pumzi ya mtu. Kinanda hiki si hivyo: mpigaji abonyeza sauti tatu kwa mkono wa kushoto, nacho chenyewe chaongeza ngoma, besi na gitaa. Kilicho kipya chazidi kwa wingi wa midundo. Basi twanunua nini? Twanunua kazi ya waimbaji wa sauti ya nne, ambao hunyamaza mdundo ukianza.

Na fedha zatoka wapi? Baada ya ibada hunadiwa mkungu wa ndizi, na mjane aliyeuleta hakuwaza midundo. Tukisema, "Usharika jirani unacho," hiyo ni haya tu, si haja.

Hata hivyo tusimwonee mpigaji. Viko vinanda vya bei ndogo ambavyo, ukibonyeza kwa upole au kwa nguvu, sauti ni ile ile; mazishini vyalia kama arusini. Hapo haja ni ya kweli, nasi twaona ya kuwa ni halali kununua. Ila kwanza mpigaji apige wimbo mmoja wa kitabuni, sauti zote nne, midundo imezimwa, wazee wa kanisa wakisikiliza. Asipoweza, fedha hizo zitangulie kumlipa mwalimu wake.