Teno Aliyeiacha Sauti Yake

Adolphe Nourrit alikuwa teno mkuu wa Opera ya Paris tangu 1826. Mtunzi Rossini alipotoa opera yake, Guillaume Tell, mwaka 1829, nafasi ya Arnold aliiimba yeye. Meyerbeer na Halévy nao wakamtungia nyimbo kwa kipimo cha koo lake. Noti za juu alizipandia kwa sauti ya kichwani, nyepesi na laini, na Paris ilimpenda hivyo hivyo.

Mwaka 1836 Opera ikamwajiri Gilbert Duprez, aliyerudi kutoka Italia na ufundi mwingine. Katika sehemu ya mwisho ya Guillaume Tell, Arnold huimba peke yake nyimbo mbili zinazofuatana: kwanza aria ya polepole, akiililia nyumba aliyozaliwa, kisha kabaleta, wimbo wa kasi wa kuwaita wenzake vitani. Kwenye kabaleta, mwaka 1837, ndipo Duprez alipoitoa do ya juu kwa sauti nzito ya kifuani, bila kuhamia kichwani. Watu wakapagawa. Rossini mwenyewe hakuipenda. Aliifananisha na ukelele wa jogoo aliyehasiwa akichinjwa. Lakini wakata tiketi walikwisha kuamua.

Nourrit hakungoja kushindanishwa, alikwisha kujiuzulu kabla ya hapo. Hapo simlaumu, mtu ana heshima yake. Kinachoniuma ni kilichofuata. Akiwa amevuka miaka 35 alikwenda Napoli kwa mtunzi Donizetti, ajifunze kuimba upya, Kiitaliano. Sauti ikanenepa, ila ule wepesi wa kichwani ukamtoka, na alipoutaka tena haukurudi. Opera ya Poliuto, aliyoandaliwa na Donizetti, mfalme wa Napoli akaipiga marufuku. Nourrit alikuwa pia mgonjwa, mwenye huzuni nzito, kwa hiyo si haki kuutwika muziki peke yake msiba huu. Tarehe 8 Machi 1839, baada ya kuimba kwenye tamasha na kutoka hajaridhika, alijiua. Alikuwa na miaka 37.

Nawawazia vijana wa sauti ya tatu, yaani teno, kwenye kwaya zetu, wanaokaza shingo hadi mishipa ikasimama kwa sababu mwenzao wa kwaya jirani anavuma. Mwalimu anayewasikia akanyamaza anawadhulumu.

Hata Duprez ile do ilimla. Kufikia 1849, akiwa na miaka 42, sauti ilikwisha kuchakaa, akaondoka Opera. Maisha yake yaliyobaki, hadi 1896, aliishi kwa kufundisha na kutunga.