Koa na Sadaka ya Mpanzi

Katika mji wa Kisangani, uliokaa jirani na Ikweta chini ya maporomoko ya Boyoma, hakuna kiangazi cha kweli. Mvua hupungua, haikomi, na koa, ndugu yake konokono asiyebeba nyumba mgongoni, hapati mwezi wa kufunga. Usiku hutoka chini ya mbao na majani yaliyooza, akayakwaruza majani ya mchicha wetu, lenga-lenga, kwa ulimi wake wenye meno madogo mno, na alfajiri mwenye bustani hukuta matundu katika kila jani, na utepe wa ute unaong'aa juu ya udongo. Papo hapo huenda kutafuta chumvi ya kummwagia koa. Katika chumvi hiyo naona suala la dini ambalo wengi wetu hulipita bila kulitazama.

Sisi Waislamu wa mji huu, ambao dini na lugha vilitujia kutoka pwani kwa misafara ya zama za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, pamoja na majonzi ya zama hizo, tumerithi mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yaliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu apandapo mmea, akila humo ndege, mtu au mnyama, kiliwacho huandikwa kuwa ni sadaka yake. Ajabu ya sadaka hii ni kuwa mtoaji amelala, hakuombwa idhini, na pengine akiamka hulaani. Ikiwa thawabu imekwisha andikwa, kwa haki gani tumwite koa mwizi? Na Kurani, katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, inawataja viumbe waendao ardhini na ndege warukao kuwa ni umma mfano wetu.

Hata hivyo sithubutu kumwambia mama auzaye mafungu ya lenga-lenga sokoni, ambayo ndiyo ada ya shule ya wanawe, akae alitazame tuta likimalizika huku akihesabu thawabu. Watoto ni amana, na haki yao hutangulia. Wanazuoni wengi, kwa kukisia juu ya wale watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haramu ya Makka, wakiwamo nge, panya na mbwa mkali, walihalalisha kumwondoa kila mwenye madhara. Lakini mtu apandaye kaladi barazani kwa ajili ya madoa yake mazuri, kama watu wa Ulaya na mimea yao ya mapambo iitwayo hosta, hapotezi chakula bali pambo, na udhuru wake wa kuua ni mwembamba.

Na udhuru ukitimia, bado iko namna. Mtume aliamrisha ihsani hata katika kuchinja: kisu kinolewe, mnyama asiteswe. Mtazame basi koa aliyemwagiwa chumvi: maji ya mwili wake huvutwa nje kupitia ngozi, naye hujikunja, hutoka povu la ute, hujinyoosha, hujikunja tena, na mauti hayaji upesi. Nani atadai kwamba kisu hiki kimenolewa? Tena chumvi hiyo huudhuru udongo wenyewe. Majivu makavu ya kuni, yakizungushiwa tuta, humzuia bila kumuua, ijapokuwa mvua yetu huyaosha na kumlazimu mtu kuyarudishia. Na mwenye subira humwokota usiku kwa taa akampeleka kichakani. Asiyeiweza kazi hiyo, kwa uchovu au kwa ukubwa wa bustani, sheria haimkatazi kuua. Namwomba tu atumie jembe, kwa pigo moja, aiache chumvi.